Lazima hadithi iwe na adui?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika hadithi ya kijana anayetafuta ada ya shule kwa kuvua dagaa. Kuna bibi anampa karabai. Mwenzangu aliyesoma fasihi anasema hadithi haina adui, na bibi hana kazi, nimwondoe. Nimsikilize?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi asiguswe.

Mwenzako anatafuta mtu mwenye sura ya adui. Atafute kazi ya uadui, ataiona. Mrusi Vladimir Propp alichambua ngano 100 za kwao, na katika kitabu chake cha 1928 akaonyesha kuwa wahusika hubadilika majina na sura, lakini kazi zao hujirudia. Wahusika hao aliwaweka katika mafungu saba, wakiwemo mwovu, mtumaji, msaidizi na mtoaji. Mwaka 1966 Greimas, mtaalamu wa lugha wa Ufaransa, akaenda mbali zaidi: kwake mpinzani si lazima awe mtu.

Sasa, dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, karabai haifui dafu, boti zinalala ufukweni, na hata pale sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, dagaa huadimika. Ada inadaiwa, mwezi ndio kwanza unapevuka! Mpinzani unaye. Usikimbilie kumfanya tajiri wa boti kuwa katili ili umridhishe mwenzako. Matajiri wa namna hiyo tumeshawasoma vya kutosha.

Kasoro ninayoiona iko kwa bibi, na inatengenezeka. Yeye ni mtoaji, na kwa Propp mtoaji humjaribu shujaa kwanza, ndipo hutoa. Ngano zetu nazo ndivyo zinavyokwenda: kikongwe mwenye matongo anaomba asafishwe macho, anayekubali anaonyeshwa njia, anayemcheka anapotea. Wako anagawa karabai bure, ndiyo maana akaonekana hana kazi.

Mpe shida. Dagaa wake wameanikwa mchangani, wingu limefunga ziwani, na boti ya kijana tayari inawashwa injini. Amwite: “Mjukuu wangu, nianulie.” Akibaki, usiku huo wa giza umempita, na giza zimebaki chache. Akiondoka, haipati taa ya bibi. Andika mikono yake ikizoa dagaa huku masikio yakiifuata injini inayotokomea.

Karabai usiibadilishe, ingawa siku hizi wengi wana taa za sola. Ina mvumo, ina harufu ya mafuta ya taa. Ukishaiandika upya sehemu ya bibi, nitumie hiyo kwanza.