Swali la lugha: neva au mshipa wa fahamu, mageuko au mageuzi?

Mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi ametuandikia hivi: "Kitabu kimoja kinasema mfumo wa fahamu, kingine kinasema mfumo wa neva, na wanafunzi wangu kila kitu wanakiita mshipa. Kwenye mada ya viumbe nako nakutana na mageuzi, mageuko na mabadiliko. Je, haya ni majina ya kitu kimoja? Na je, ni sahihi kuandika kwamba binadamu alitokana na nyani?"

Nianze na majibu, maelezo yafuate. Mfumo wa fahamu na mfumo wa neva ni mfumo mmoja wenye majina mawili, nami katika maandishi ya sayansi napendelea jina la pili. Mageuko na mageuzi hutumiwa na wengi kwa maana moja, lakini katika biolojia mageuko ndilo linalofaa zaidi, na mabadiliko ni pana mno. Sentensi ya nyani haifai kabisa.

Neno mshipa lina historia ya kuvutia. Katika mazungumzo ya kawaida ni jina la kitu chochote chembamba cha mwilini kinachofanana na uzi: kinachopitisha damu ni mshipa, kinachovuta shingoni ukilala vibaya ni mshipa, na akitajwa mtu kuwa "ana mshipa", wazee wengi wa pwani wataelewa kwamba ana ngiri au busha. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyohaririwa na Frederick Johnson, inakusanya chini ya kidahizo hicho kimoja, yaani neno kuu linaloorodheshwa na kufasiliwa, njia za damu, neva na maradhi yanayonasibishwa nazo. Wanafunzi wa mwalimu wetu basi hawajakosea Kiswahili. Wanatumia neno kama walivyolirithi. Mtu anayepasua mnyama kwa ajili ya kitoweo huona nyuzi nyeupe na nyekundu, na hana haja ya kuzitenganisha kwa majina. Anayesoma kazi za mwili anayo haja hiyo, kwa sababu nyuzi hizo hufanya kazi tofauti kabisa.

Pendekezo langu ni kwamba darasani mshipa libaki jina la jumla la njia za damu, kisha aina zake zitajwe kwa istilahi zilizokwisha kuzoeleka: ateri, inayotoa damu moyoni; vena, inayoirudisha moyoni; na kapilari, njia nyembamba mno zinazounganisha hizo mbili na ambamo oksijeni na virutubisho hutoka kwenye damu kuingia katika tishu. Hapa niwatahadharishe waandishi wa vitabu juu ya fasili iliyozoeleka kwamba ateri hubeba "damu safi" na vena hubeba "damu chafu". Ateri za mapafu hupeleka mapafuni damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu huirudisha moyoni ikiwa na oksijeni nyingi, kwa hiyo fasili hiyo inavunjika palepale inapofika kifuani. Kinachotofautisha ateri na vena ni mwelekeo wa damu kwa kuutazama moyo. Zaidi ya hayo, damu isiyo na oksijeni nyingi haina uchafu wowote wa kumtisha mtoto.

Ufito mgumu unaounganisha msuli na mfupa, kama ule ulio nyuma ya kifundo cha mguu, una jina lake la siku nyingi, nalo ni kano. Hilo lisipotee kwa sababu ya uvivu wa kusema mshipa.

Inabaki neva. Neva haipitishi kimiminika. Hupitisha taarifa kwa njia ya mishtuko ya umeme na kemikali kati ya ubongo, uti wa mgongo na sehemu nyingine za mwili. Matangazo ya hospitali husema "mishipa ya fahamu", na kwa mgonjwa anayetafuta daktari jina hilo linatosha na linaeleweka haraka kuliko neva. Tatizo liko kwenye neno fahamu lenyewe. Tunasema mtu amepoteza fahamu, yaani hajitambui. Lakini neva za mtu huyohuyo aliyezimia zinaendelea kurekebisha mapigo ya moyo wake, kupumua kwake na mwendo wa utumbo wake. Sehemu kubwa ya kazi za mfumo huu hufanyika bila sisi kujua. Mwanafunzi anayejifunza kwamba huu ni "mfumo wa fahamu" atashangaa kuambiwa kwamba ndio unaosaidia kuendesha mmeng'enyo wa chakula akiwa usingizini, ilhali anayeujua kuwa mfumo wa neva hatakuwa na sababu ya kushangaa. Kisarufi, neva, ateri, vena na kapilari zote zimo katika ngeli ya I-ZI: neva hii, neva hizi. Kuandika "maneva" au "maateri" hakuna faida yoyote.

Nigusie kidogo neno kiungo, ijapokuwa mwalimu hakuliuliza. Linataja mahali mifupa inapokutana, linataja mkono au mguu, linataja ini na figo, na nje ya mwili linataja karafuu za pilau na mchezaji wa katikati ya uwanja. Pale ambapo sentensi moja ina kiwiko na figo kwa pamoja, andika ogani kwa figo.

Sasa mageuko. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyohusika: -geuka, ambacho hakina mtendwa, na -geua na -geuza, ambavyo vinamhitaji mtu au kitu kinachotenda juu ya kingine. Mageuko limetokana na kile cha kwanza, mageuzi limetokana na hivyo vya kutenda. Tofauti hiyo si ya kubuni, kwani tunaiona pia kati ya mwamko, ambao watu huupata wenyewe wakiamka, na uamsho, ambao una anayeamsha. Ndiyo maana mageuzi likawa neno la siasa bila taabu: Tanzania iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, na Kenya ilipodai katiba mpya hadi ikaipata mwaka 2010, walikuwapo watu waliodai na waliotekeleza. Mageuko ya viumbe, kama yanavyoelezwa na nadharia aliyoitangaza Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1859, hayana kamati wala kiumbe kinachojigeuza kwa kukusudia.

Mfano mzuri uko ndani ya vyandarua vyetu. Husemwa kwamba "mbu wamezoea dawa", na msikilizaji hudhani kwamba mbu yuleyule aliguswa na dawa leo, akaizoea kesho. Sivyo inavyokuwa. Katika kundi la mbu walikuwamo wachache waliozaliwa na jeni zinazowawezesha kustahimili dawa; wengine wakafa, hao wakabaki wakazaa, na baada ya vizazi kadhaa kundi zima likajaa wenye usugu. Kilichobadilika ni kundi, kwa kupokezana vizazi. Kwa sababu hiyo pia neno mabadiliko halitoshi peke yake: kiluwiluwi kuwa chura ni mabadiliko, lakini ni ya mnyama mmoja katika uhai wake, wala si mageuko.

Istilahi inayoandamana na hii, uteuzi asilia, yaani huko kubaki na kuzaa kwa wanaostahimili kama mbu wale, ina kasoro ileile ya mageuzi, kwa kuwa masikioni mwetu uteuzi una mteuzi, na mara nyingi tunamfikiria Rais. Kwa kuwa imekwisha kuenea sishauri ivunjwe, ila mwalimu aieleze mara ya kwanza anapoitaja. Wako pia wanaoona mgongano katika kusema "mageuko ya viumbe", kwa kuwa kiumbe limetokana na -umba, na binadamu ni mwana wa Adamu. Asili hizo ni za kweli, lakini maana ya neno katika sentensi huamuliwa na matumizi, na tukianza kulidai kila neno asili yake hatutabaki na jina la kumwita mtu.

Kuhusu nyani, Kiswahili kimetuneemesha kwa majina: kuna nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega na sokwe, na kila mmoja ni mnyama wake. Nyani ni yule mwenye pua ndefu kama ya mbwa anayevamia mashamba ya mahindi. Nasaba yake na ya kwetu zilitengana zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Jamaa zetu wa karibu zaidi walio hai ni sokwe wa jamii ya wale wa Gombe na Mahale mkoani Kigoma, na hata hao hatukutokana nao. Sisi na wao tulitokana na mababu wa pamoja walioishi takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, kisha kila upande ukafuata mageuko yake. Wale waliokuja baadaye katika upande wetu, wakiwamo walioacha nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita, wana jina zuri la Kiswahili, zamadamu. Mwalimu anaweza kuandika: "Binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja waliokwisha kutoweka."