Nimepata HSK 5, nikasome ualimu wa Kichina au maandishi ya kale?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni binti wa Dunda hapa Bagamoyo, nimemaliza digrii na Kichina nimekisoma miaka yote ya chuo, mwaka jana nikapata HSK 5, yaani ngazi ya tano ya mtihani wa Kichina kwa wageni, kwa alama 231. Sasa nataka kwenda China kusoma masta ila nimekwama. Mwalimu wangu anasema nichukue masta ya kufundisha Kichina kwa wageni, mwenyewe moyo uko kwenye historia na maandishi ya zamani, lakini nikifungua andishi la kale herufi nazijua karibu zote na bado sielewi linasema nini, nabaki kujiuliza miaka yote hiyo nilisoma nini. Mjomba ndo kabisa, anasema makaratasi ya nini tena, Wachina wanatafuta wakalimani, nenda saiti ukapate hela. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, 231 kati ya 300 si alama za kubahatisha.

Nianze na mjomba maana hilo ni fupi. Kazi ya mkalimani ni kazi ya heshima na Kichina ulichonacho kinatosha kuianza hata kesho, huhitaji masta. Kwa hiyo ukienda masta usiende kwa ajili ya kazi ambayo tayari unaiweza, nenda kwa ajili ya kitu ambacho bila masta hukifikii.

Sasa hilo la kutoelewa maandishi ya kale. Wala hukudanganywa chuoni. Wewe umefundishwa Kichina cha leo, na hicho unachokifungua ni wenyan, lugha ambayo wasomi na serikali waliandikia kwa karne nyingi mpaka mabadiliko ya miaka ya 1910 na baada ya vuguvugu la wanafunzi na wasomi la Mei 4, 1919. Humo mtendaji anaachwa tu, msomaji ajijue, maneno mengi ni ya herufi moja, herufi uliyoizoea inakuwa na maana nyingine kabisa, na maandishi ya asili hayana hata nukta. Juu ya hapo yako kwenye herufi za zamani, zile zilizokuwepo kabla China haijaanza kuzirahisisha mwaka 1956. Lazima uisome kama lugha mpya, kwa mwalimu na kwa kamusi yake. Kitabu cha mtaalamu wa lugha Wang Li cha Kichina cha kale, juzuu nne, bado kinaheshimika sana, anza juzuu ya kwanza taratibu, kurasa chache kila siku, usikimbilie mashairi ya Du Fu, yule mshairi wa kale, kwanza.

Kuhusu kozi. Masta ya ualimu mara nyingi ni miaka miwili, utasoma namna ya kufundisha, utafanya mazoezi darasani, na ufadhili wake wa walimu wa Kichina kwa miaka ya karibuni umekuwa ukidai HSK 5 kuanzia 210 pamoja na mtihani wa kuongea HSKK wa kati kuanzia 60, wewe kwenye HSK umeshapita. Ni njia nzuri kwa anayependa darasa. Ila barua yako nzima hujataja wanafunzi hata mara moja, umetaja maandishi! Masta ya utafiti kwenye fasihi ya kale au historia kwa kawaida ni miaka mitatu, na huko HSK 5 itakubana. HSK 6 ya mfumo wa zamani ina maneno 5,000, mara mbili ya hiyo yako, na tangu 2022 kuna mtihani wa ngazi ya 7 mpaka 9, wenye maneno elfu kumi na moja na kitu pamoja na tafsiri, uliolengwa hasa kwa wanaosoma masta na PhD. Mi nakushauri uende huku, na sababu iko hapohapo kwenu.

Nenda Kaole kwenye yale magofu, ni karibu tu. Vile vipande vya vyombo vya Kichina vilivyopatikana pale ni nusu ya habari, nusu nyingine iko kwenye vitabu vya Wachina wenyewe. Mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa wa biashara ya bahari kwenye bandari ya Quanzhou kule China enzi ya Song, aliandika habari za nchi aliyoiita Cengba, ambayo wengi wanaihusisha na Zanzibar na mwambao wetu, akataja watu wanaovaa vitambaa vya buluu na viatu vya ngozi nyekundu, akataja pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Mwenyewe hakufika, alikusanya kwa wafanyabiashara. Halafu kuna safari za Zheng He, kiongozi wa meza za meli za enzi ya Ming, 1405 mpaka 1433, na twiga wa Malindi aliyefikishwa China 1415. Wengi wetu huku habari hizi tunazisoma kwa tafsiri za Kiingereza, tunaamini alichoelewa mtafsiri. Mtoto wa Bagamoyo anayejua Kiswahili, anayeijua pwani, halafu akayasoma yale kwa wenyan mwenyewe, ataona mambo ambayo hata profesa wa Beijing yanampita, na hilo nalisema kwa moyo wote.

Kwa hiyo usiandike kwenye ombi lako kwamba unapenda utamaduni wa China, kila mtu anaandika hivo. Andika swali moja, maandishi gani utayasoma na kwa nini wewe, kurasa mbili tatu kwa Kichina, umtumie profesa anayeshughulika na bahari ya Enzi ya Song au Ming kabla hujajaza fomu. Ufadhili wa serikali ya China kwa masta unatoa ada, malazi na yuani 3,000 kwa mwezi, na maombi mengi yanafungwa kati ya Januari na Aprili. Na angalia tarehe ya cheti chako, kwa kuombea chuo HSK inahesabika miaka miwili tu, ukichelewa itabidi ukae mtihani upya, na ukikaa upya basi kaa wa ngazi ya 6.