Jibu: Mashine ya vyombo inanguruma tu, haizungushi maji

Dada wa Raskazone, pole sana. Umesema mashine yako ya kuosha vyombo inaingiza maji, inanguruma, lakini vyombo vinatoka na mafuta yale yale, na fundi anataka ununue pampu na mota nzima. Nakusihi, usitoe hela bado.

Chomoa plagi, funga koki, kausha maji ya chini kwa sponji. Toa chujio, kisha fungua pampu ujaribu kuizungusha feni yake kwa kidole. Ikikwama, tafuta kipande cha glasi, mbegu ya ndimu au chokaa ya maji iliyoganda. Nyingi hupona hapo hapo.

Ikizunguka laini na mota yako ni ile yenye kapasita, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kinachoisaidia mota kuanza, ishuku hiyo kwanza. Kapasita iliyochoka huiacha mota ingurume bila kuanza, na bei yake haifiki hata robo ya mota. Ila tahadhari: huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo usiguse miguu yake ya kuunganishia nyaya kabla mtu anayejua hajaumaliza. Mpya iwe na maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake, kimeandikwa juu yake) zile zile, volti zisipungue.

Mota ikiwa imeungua kweli, mara nyingi utasikia harufu. Hapo badilisha, lakini piga picha nyaya kabla ya kuchomoa hata mmoja, na soma kibandiko: volti 230, hezi 50. Ya Marekani, volti 120, usiilete nyumbani. Sili ya mpira, ile inayozuia maji yasiingie kwenye mota, nayo iwe mpya. Ya zamani ikivuja, maji yanaingia kwenye beringi na mota mpya inakufa. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, urudi palepale ulipokuwa.