Kutotolesha kuchi nyumbani: kwanza jua wazazi

Watu wakiniuliza habari za kutotolesha kuku adimu wa asili, swali la kwanza huwa ni mashine. Ipi nzuri, ya mayai mangapi, ya umeme au ya taa ya mafuta? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Mayai unayatoa wapi, na jogoo wako ni wa nani? Nimefuga kuchi, kuku wa asili warefu, miaka mingi hapa Tanga, pamoja na kidimu na kishingo (kuku wa shingo isiyo na manyoya) wachache. Mashine ikikorofisha, unapoteza mayai ya mkupuo mmoja. Jogoo akiwa hafai, unakaa na hasara yake vizazi kadhaa.

Kuchi anajulikana hata kwa asiyefuga: mrefu, shingo imenyooka, kifua kimesimama, upanga mdogo kichwani, na jogoo aliyekomaa hupita kilo mbili na nusu. Watafiti wa vinasaba wamewakuta na udugu wa karibu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Ni mali tuliyorithi, na inatutoka mikononi kwa njia mbili. Kwanza, Idi au Krismasi ikikaribia, jogoo mkubwa kuliko wote ndiye anayeuzwa kwa sababu ndiye mwenye bei, na mitetea wanaachiwa kaka yake mdogo aliyedumaa. Pili ni kuchanganya na kuroiler na sasso, kuku chotara wa kisasa. Sina ugomvi na kuku hao, wanalisha familia nyingi. Lakini ukiwaachia banda moja na kuchi, baada ya muda utakuwa na kuku wakubwa wasio na umbo la kuchi, na mitetea wengi hawataki tena kuatamia.

Kwa hiyo tenga. Jogoo mmoja wa kuchi apewe mitetea sita hadi wanane, katika banda lao peke yao. Kama mitetea walikuwa na jogoo mwingine, subiri wiki tatu baada ya kumwondoa ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa sababu mbegu ya jogoo hukaa hai ndani ya kuku kwa zaidi ya wiki mbili. Mayai ya wiki hizo tatu yaliwe tu. Mkague jogoo kwa mikono yako: vidole vimenyooka, mfupa wa kifua haujapinda, macho maangavu, miguu haigongani anapotembea. Usimpandishe baba kwa binti yake kizazi baada ya kizazi. Utaona mayai mengi yanakwama na vifaranga wanatoka legelege. Badilishana jogoo na mfugaji unayemwamini, na mgeni huyo umweke mbali na wenzake wiki mbili ndipo aingie bandani.

Kuna aina ambazo siri yake iko kwenye damu, na hapa ndipo wengi wanalaumu mashine bure. Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopinda kurudi nyuma, usimpandishe kwa kidimu mwenzake. Takriban robo ya vifaranga watapata sifa hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, na manyoya yao yatakuwa membamba, yanakatika, mwili unabaki uchi kwenye baridi ya Julai. Mpe kidimu jogoo au mtetea wa manyoya ya kawaida. Nusu ya watoto watakuwa vidimu wazuri. Kuku wa miguu mifupi mno ni hatari zaidi. Ukipandisha mfupi kwa mfupi, karibu robo ya mayai yenye mbegu hufa ndani, wengi katika wiki ya kwanza, hata ukiwa na mashine ya bei gani. Kishingo hana shida hiyo. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili shingo yake huwa wazi karibu yote, aliyerithi kwa mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Ukimtazama tu unajua utakachopata.

Sasa mayai. Kwetu pwani adui mkubwa ni joto la chumbani. Yai likikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 24 au hivi, mtoto ndani huanza kukua taratibu, bila joto la kutosha kumfikisha mbali, kisha hufa. Mfugaji anafungua mayai siku ya 21, anakuta viza, anasema jogoo hana nguvu. Okota mara tatu kwa siku, hasa mchana, uyaweke mahali pa nyuzi 15 hadi 18. Jokofu la jikoni ni baridi mno. Ninachofanya ni kuweka chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, chini ya mwembe penye upepo. Hakishuki hadi nyuzi 18 kila siku, lakini kinatofautiana sana na kabati la sebuleni. Ncha nyembamba iangalie chini, tarehe iandikwe kwa penseli, na yasipite siku saba. Kwa joto la Januari mimi sipitishi siku nne. Yai chafu usilioshe, liache kando.

Kama una mayai yasiyozidi kumi na mbili, sioni sababu ya mashine. Tatizo ni kwamba mtetea wa kuchi ni mzito na miguu yake mirefu, akiingia kwenye kiota kwa pupa anavunja. Mayai yake nampa kuku wa kienyeji mwepesi aliyetulia, aliyeonyesha kuatamia kweli kwa kulalia mayai ya bandia siku mbili tatu. Naweka majivu chini ya nyasi za kiota, maana utitiri humkimbiza mama usiku na mayai yakapoa.

Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5. Isiyo na feni, kipimajoto kiwe usawa wa juu wa mayai na kisome 38.5 hadi 39. Usiamini namba za kioo cha mashine. Weka kipimajoto cha homa kutoka duka la dawa ulinganishe. Joto kuzidi ni baya kuliko kupungua. Umeme ukikatika saa moja au mbili, funika kwa blanketi, usifungue fungue. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, mpaka siku ya 18, kisha acha kabisa. Vitabu vinasema unyevu uwe asilimia 45 hadi 55, lakini msimu wa masika Tanga mimi siweki maji kabisa mpaka siku hiyo ya 18, ndipo naujaza upande hadi 65 au 70. Mzani wa jikoni husaidia kuliko kubahatisha: yai la gramu 50 linapaswa kupungua kama gramu sita hadi siku ya 18.

Siku ya saba, usiku, zima taa na ushike yai mbele ya tochi. Lenye uhai linaonyesha doa jeusi dogo, na kutoka kwake mishipa myekundu imetanda kama utando wa buibui. Ukitulia utaona doa lenyewe likicheza. Pete ya damu bila mishipa ni mtoto aliyekufa mapema. Yai linalong'aa tupu halina mbegu. Andika idadi ya kila namna kwenye daftari. Mayai matupu yakiwa mengi, tatizo ni jogoo au chakula chake. Pete za damu zikiwa nyingi, tazama namna ulivyotunza mayai.

Vifaranga wakianza kudonoa ganda, vumilia. Kutoka kwenye tundu la kwanza hadi kutoka nje inaweza kuchukua saa 24. Ukimvuta mapema mishipa bado ina damu, atatoka anavuja. Wakikauka ndipo wahamie bruda (chumba cha joto cha kulelea vifaranga), joto la nyuzi 33 hivi wiki ya kwanza, maji kwenye chombo kisichowazamisha. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) ya tone la jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Usiiruke hata kama jirani hana kuku.

Pora, yaani majogoo wachanga, wasiuzwe mpaka miezi sita, kwa sababu kuchi huchelewa kukaza umbo, na aliyeonekana mwembamba wa miezi mitatu mara nyingi ndiye mrefu baadaye. Wakianza kuwika watenganishe kila mmoja na chumba chake, ukuta uzibwe wasionane, maana hupigana mpaka kupofuana. Jogoo utakayembakiza umfunge pete mguuni kabla wanunuzi hawajaanza kupita.