Ukikwama kwa Balteus, Rudi Gereji Kwanza

Vijana wengi wa Mwanza tunaocheza gemu tumelelewa na mpira. Ingia banda lolote jioni, iwe Mabatini au Igoma: pedi mbili, benchi limejaa, na mechi inayofuata imeshalipiwa. Ndiyo maana nataka kusema na wale wanaofikiria kujaribu Armored Core VI: Fires of Rubicon, gemu ya kuendesha roboti kubwa la vita unaloliunda mwenyewe. Mikono yetu imezoea vitu ambavyo gemu hii haivitaki. Nimemaliza sura ya kwanza na nimeingia ya pili, kwa hiyo nitaongelea huko mwanzo tu, ambako mgeni ndiko anakokata tamaa.

Imetengenezwa na FromSoftware wa Japani, ikatoka Agosti 25, 2023. Mfululizo wake ulianza mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, lakini huhitaji kuwa umecheza hata moja ya zamani. Wewe ni rubani wa kukodiwa, jina lako ni namba tu, 621, na unashushwa kwa siri kwenye sayari ya Rubicon 3, ambako makampuni yanaivizia nishati inayoitwa Coral. Bwana mmoja, Walter, ndiye anayekutafutia kazi na kukuelekeza redioni. Karibu hadithi yote inasemwa hivyo, redioni, huku risasi zinapita. Kiswahili hakimo kwenye lugha zake, basi washa maandishi ya chini na usiruke maelezo ya kabla ya misheni. Mara nyingi humo ndimo utakapojua unakwenda kukutana na nini.

Misheni ya kwanza inaisha na helikopta kubwa ya kivita, na wengi wanaishia hapo. Mtu akiiona, akili inamwambia akae mbali, ajifiche nyuma ya jengo, afyatue bunduki moja moja. Hutaishusha hivyo. Angalia mstari wa adui ulio juu ya kioo: kila ukimpiga unajaa, na ukimpa nafasi ya kupumua unapungua tena. Ukijaa, adui anapepesuka, anabaki wazi kwa sekunde chache, na kila pigo la wakati huo linauma kuliko kawaida. Sasa fanya hivi. Achia makombora ya begani, endelea kufyatua ukiwa unamfuata juu, usimwache. Akipepesuka, upanga wa mkono wa kushoto, bonyeza mara mbili, maana una mikato miwili. Kisha jiachie udondoke hadi chini, kwa sababu nishati ya kurukia inarudi haraka zaidi ukikanyaga ardhi. Majengo yatumie wakati anamwaga makombora tu. Ukishaelewa mzunguko huo, helikopta ile inakuwa mwalimu mzuri sana. Na kumbuka wewe pia una mstari kama ule, na wewe pia unapepesuka.

Baada ya hapo gereji inafunguka, na kwangu mimi gemu yenyewe iko hapa. Kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, injini za kurukia, jenereta, kifaa cha kulengea, pamoja na silaha nne, mikononi na mabegani. Kila spea ina uzito na karibu kila spea inakula umeme. Miguu ina kikomo cha mzigo na jenereta ina kikomo cha umeme, ukivuka hata kimoja mashine haitoki. Hata ukiwa ndani ya kikomo, uzito unakula mwendo. Mtu aliyewahi kupanda mtumbwi wa injini pale Mwaloni anajua tofauti ya mtumbwi wenye watu sita na huohuo ukipakiwa magunia: injini haijabadilika, lakini si chombo kilekile. Kwa hiyo usinunue mzinga mkubwa kwa sababu unatisha. Soma namba, funga spea, kaitumie kwenye misheni rahisi uliyokwisha kuimaliza, kwa kuwa misheni za nyuma zinarudiwa na zinalipa.

Miguu ndiyo inayobadilisha kila kitu. Ipo ya kawaida, miwili. Ipo ya goti la nyuma, inayoruka juu sana. Ipo ya miguu minne, inayoweza kuelea hewani, na ipo ya minyororo kama kifaru, inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Ijaribu yote. Na usiogope kununua, kwa maana duka linachukua spea yako kwa bei ileile uliyonunulia. Watu wanabana hela miezi kana kwamba kila kosa ni hasara ya milele! Hapana. Nunua, jaribu, rudisha. Mafunzo ya menyu nayo yanalipa kwa spea, yamalize mapema.

Balteus ndiye bosi, yaani adui mkubwa, anayefunga sura ya kwanza. Anakuja na ngao inayomzunguka mwili mzima na wingi wa makombora ambao mara ya kwanza utakufanya urudi nyuma. Usirudi nyuma. Makombora yake yanapoanza kugeuka kukufuata, wewe kimbia mbele, upite chini yake, mengi yatakukosa. Ngao ile risasi za kawaida zinaikwaruza tu, lakini bunduki ya palsi, inayofyatua nishati badala ya risasi, inaipasua upesi. Mkono mmoja palsi ya kuvunja ngao, mkono mwingine na mabega vitu vizito vya kumpepesua akibaki wazi. Pambano likisonga mbele anatoa moto mrefu kama panga, hapo kaa juu na pembeni.

Jambo moja ambalo ningetaka mtu aniambie kabla: ukifa kwa Balteus, unaruhusiwa kubadilisha mashine kabla ya kurudia, lakini kwa spea ulizonazo tu. Duka halifunguki. Kama hiyo palsi huna, itabidi utoke kwenye misheni yote ukainunue. Inunue kabla hujaingia.

Kuhusu kuipata, inacheza PS4 na PS5, Xbox One na Series, na kompyuta. Wa kompyuta wajiandae na nafasi ya GB 60, RAM ya GB 12 na kadi ya picha kiwango cha GTX 1650 kwenda juu. Kwa bando la kawaida GB 60 ni maumivu, heri utafute mtu mwenye intaneti ya ofisini au nyumbani isiyohesabu. Ukishaipakua, hadithi yote inachezeka bila mtandao. Misheni nyingi ni fupi, kwa hiyo hata umeme ukikatika huna mengi ya kupoteza.

Kwa banda, nasema wazi, haifai kuchezwa kama mpira. Unalipia muda, na nusu ya muda utakuwa gereji unasoma namba, huku wenzako wa kwenye benchi wanakuuliza, "Kaka, unacheza au unanunua?" Wana haki ya kuuliza. Kama banda ndiyo njia yako pekee, nenda asubuhi ya siku za kazi, wakati hakuna foleni, na umwombe mwenye banda akufungulie yuza yako, yaani akaunti, kwenye kifaa chake ili mwingine asije akachezea maendeleo yako. Panga mashine yako kwenye karatasi ukiwa nyumbani: silaha gani, miguu gani, unauza nini. Ukifika unafunga tu na kuondoka na misheni. Na dakika zikibaki chache, usianze misheni mpya, ingia uwanja wa mapambano ya mmoja kwa mmoja. Pambano linaisha haraka, na ukishinda unapata chipu za kuongezea mashine uwezo.