Namba ya kikapu haibadiliki mpaka urifreshi? Redux haitakusaidia

Swali: Mkuu, natengeneza duka la mtandaoni kwa React, ile maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa. Mteja akibonyeza "Weka kikapuni", namba ya kikapu kule juu kwenye heda haisogei mpaka arifreshi ukurasa. Bidhaa nazihifadhi localStorage, kule ndani ya kivinjari. Jamaa kaniambia niweke Redux, maktaba ya kutunza data ya programu nzima sehemu moja, ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, Redux iache kwanza. Projekti za hivi naletewa kila wiki na karibu zote ugonjwa ni uleule, kikapu kimoja kina madaftari matatu: orodha ya bidhaa ina lake, heda ina lake, na localStorage nayo ina lake, sasa nani yuko sahihi?

localStorage ni stoo tu, ukiweka kitu mle React haina habari. Na wale walimu wa video za dakika kumi wanaokwambia "sikiliza iventi ya storage" wanakupoteza kabisa, maana ile iventi, yaani taarifa kwamba stoo imebadilika, inalia kwenye madirisha mengine ya tovuti ileile, sio kwenye lile lililoandika, kwa hiyo wewe unajaribu na madirisha mawili unaona inafanya kazi unafurahi, mteja mwenye dirisha moja kwenye simu yake bado anaona sifuri.

Pandisha steti (data ambayo ikibadilika React inachora upya) kwa mzazi wa wote wawili, yaani komponenti, kipande cha ukurasa, iliyobeba heda na orodha, kwako nadhani ni App:

`const [kikapu, setKikapu] = useState([])`

Heda ipe `kikapu.length`, orodha ipe fanksheni ya kuongeza, basi. localStorage ibaki ya kusoma mwanzoni na kuhifadhi kikapu kikibadilika.

Ila nakuomba sana, ndani ya heda usije ukaandika `useState(props.idadi)`, yaani kunakili namba aliyoituma mzazi. Hiki ndicho kinachoniumiza kuliko vyote! Ile thamani ya kuanzia inasomwa mara moja tu, komponenti inapozaliwa, baada ya hapo mzazi abadilishe mara mia heda haisikii. Watu wakiona hivyo wanaongeza useEffect (kodi inayokimbia baada ya komponenti kuchorwa) ya kulinganisha, halafu nyingine ya kurekebisha ile ya kwanza, mpaka hakuna anayejua nani anamfukuza nani.

Redux ipo tangu 2015 na ni nzuri, kwa mfumo mkubwa. Context, njia ya React yenyewe ya kufikisha data kwa komponenti za chini moja kwa moja, nayo ilitulia toka React 16.3, mwaka 2018, lakini thamani yake ikibadilika kila komponenti inayoisoma inachorwa upya. Niliwahi kuletewa duka lililorundika kila kitu kwenye Context moja, hadi maneno ya kisanduku cha kutafuta, mteja anaandika "sabuni" kwenye simu ya bei ndogo, kamaliza herufi zote sita, skrini bado iko kwenye "sab".