Kanga zilizolala kabatini: gauni la kaskazi kwa mkato mmoja

Mleta mada, nimekusoma. Una kanga na vitenge vya sare vimejaa kabatini, joto la kaskazi limeshaingia, cherehani cha mama kipo, ila mkono unasita kutia mkasi. Waliotangulia kukujibu wamekuelekeza kwa fundi. Mimi nashonea nyumbani hapa Tanga, yangu na ya binti zangu, na nakwambia shona mwenyewe. Anza na kanga, vitenge viache kwanza.

Zitoe zote uzitandaze. Zile za siku nyingi ziangalie kwenye mwanga, hasa pale zilipokunjwa, halafu vuta kidogo kwa vidole. Ikianza kuachia, hiyo usiishonee gauni, lakini usiitupe, ina kazi yake mbele. Kisutu cha harusi yako kirudishe kabatini, tusigombane. Zilizobaki fua kabla ya kukata, hata kama hazijawahi kuvaliwa. Kanga mpya ina wanga mwingi unaoifanya ikakamae, na ukiishona hivyo hivyo, likifuliwa gauni linarudi na wewe unabaki kuvuta pumzi ndani yake. Nyekundu na nyeusi zifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Anika kivulini, piga pasi ikiwa na unyevunyevu.

Sasa kukata. Kanga moja ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Wengi huikunja kati wakaipasua mbele na nyuma, na jina linakatika vipande viwili, nusu ya maneno mbele, nusu nyuma. Mimi huwa siipasui kabisa. Itandaze sakafuni, upande mzuri chini, jina liwe upande wa miguu yako. Chukua ubavu wa kushoto uulete katikati, na wa kulia vivyo hivyo, mpaka pindo la huku likutane na pindo la kule. Tayari una gauni: upande uliolala chini ni mbele, chenye jina zima katikati karibu na magoti, na hizo pande mbili zilizokutana ni mgongo. Ubavuni hakuna mshono hata mmoja. Ukishona mgongoni, mapindo mawili yanashuka sambamba kwenye uti wa mgongo, na watu watakuuliza fundi ni nani.

Na chini usipinde! Ule ukingo mrefu wa kanga umefungwa kiwandani, haufumuki. Ncha fupi mbili ndizo zenye nyuzi wazi, na hizo zinaingia kwenye mshono wa mgongo.

Kwapa: kwenye mikunjo miwili ya ubavuni, pasua kuanzia juu ushuke sentimita 24. Mnene wa mikono ashuke 27. Hukati duara la mkono, kwa sababu kanga ikishakunjwa gauni lina upana wa 75 na mabega yako hayafiki huko. Kinachozidi kinaanguka juu ya mkono na kuwa mkono mfupi chenyewe. Shingo: tafuta katikati, weka alama sentimita 12 kila upande, mbele ichimbe 9, nyuma 2 tu. Anza na shingo ndogo, kwani kuongeza tundu ni rahisi, kupunguza hakuna. Mgongoni acha wazi sentimita 15 za juu, utie kifungo kimoja na kitanzi, vinginevyo kichwa hakipiti.

Umeuliza utafanyaje bila ovaloki, ile mashine ya kufunga nyuzi za ukingo. Tumia mshono wa kushona mara mbili, unafaa sana kwa kitambaa chepesi. Weka pande mbili mgongo kwa mgongo, yaani uzuri uwe nje, halafu shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza kwa mkasi zibaki milimita tatu. Geuza, uzuri ukutane na uzuri, bana vizuri kwa pasi mpaka mshono ukae kwenye ncha kabisa, kisha shona tena ukiacha milimita saba. Nyuzi zote zimefungiwa ndani. Mabega na mgongo vyote nashona hivi. Ukiona vinyweleo vinachungulia nje, hukupunguza vya kutosha mara ya kwanza.

Ile kanga iliyochoka ndiyo inatoa utepe wa shingo na kwapa. Kata kwenye sehemu zilizo nzima, mshazari, kona kwa kona, upana wa sentimita 4. Ukikata sambamba na nyuzi hautapinda shingoni, utasimama kama kola ya shule. Mwisho wa mkato wa kwapa ndipo panapochanika, hivyo hapo rudia mshono mara mbili tatu.

Sindano namba 11 na uzi mwembamba. Namba 14 iliyozoeleka kwenye cherehani cha mama itaacha matundu kwenye kanga, itunze kwa ajili ya vitenge. Usitie bitana. Hizi bitana za kung'aa hazipitishi hewa, na gauni la pamba linageuka tanuri. Kanga nyeupe ikikuonyesha, vaa shimizi ya pamba. Ukitaka kiuno, pitisha lastiki chini ya kifua, au jifunge mkanda. Kanga ya pili ya doti ni mtandio wako.

Na soma jina kabla hujakata. Kuna maneno ya kumpiga jirani kijembe, huwezi kwenda nayo ukweni yameandikwa mapajani.

Vitenge vya sare: chomoa uzi mmoja, uchome. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukisinyaa na kuwa kidonge kigumu, ni poliesta, shonea mifuko ya sokoni. Vya pamba ni vizito kuliko kanga, gauni hili halitakaa vizuri. Tengeneza sketi ya marinda, na kama maua au ndege wana kichwa na miguu, angalia wote wasimame upande mmoja.

Gauni hili linawakaa wenye nyonga mpaka sentimita 120 au zaidi kidogo, na urefu wa bega hadi goti usiozidi 105. Ukizidi hapo, kanga ya pili inaingia kazini na mpangilio unabadilika. Weka vipimo vyako hapa, nikuchoree.